Droni Haipigi Hodi

Kazi yenyewe ilikuja usiku, kupitia tovuti moja ya vibarua vya mtandaoni. Mama mmoja Mzungu, mstaafu, alikuwa amerudi kwao kutoka safari ya meli ya utalii iliyopitia pwani yetu, na alitaka mtu wa kumwandikia maneno ya kusoma juu ya video yake. Dakika kumi na mbili, karibu zote zimepigwa na droni. Malipo yalikuwa ya dola, na nilishazigeuza shilingi kichwani kabla sijamaliza kusoma ujumbe: stima, maji, na karibu nusu ya kodi ya hii keja yangu hapa Mowlem. Nikakubali. Ningekubali hata kama video ingekuwa ya kuku.

Wiki hiyo nilijifunza mambo ambayo sikuwa na sababu ya kuyajua. Kwa mfano, kwa nini mtu abebe droni kwenye meli. Ni rahisi: ukiwa ndani ya meli huwezi kuiona meli. Umelipa pesa nyingi ukae ndani ya kitu kikubwa kuliko gorofa yoyote ya mtaa wako, na njia pekee ya kukiona chote ni kutoka nje. Shida ni kwamba meli nyingi hazitaki droni iruke kutoka juu yake. Kampuni zingine zinakataa kabisa isipande. Zingine zinaichukua ukiingia, walinzi wanaitunza, unapewa ukishuka bandarini. Kuna upepo, kuna mitambo, kuna watu mamia wamelala kando ya bwawa la kuogelea, na kila bandari ina sheria yake. Morocco, kwa mfano, mtalii hata kuingia nayo haruhusiwi.

Na kuna ile shida nyingine, ambayo mteja wangu alinisimulia huku akijicheka. Droni yake ya kwanza, miaka ya nyuma, aliirusha kisiri kutoka kibaraza cha chumba chake baharini. Droni nyingi hukumbuka mahali ziliporukia. Betri ikikaribia kuisha, au mawasiliano yakikatika, inarudi yenyewe pale pale. Sasa pale pale palikuwa maji tu, meli ilishaenda. Droni ikashuka polepole, kwa utiifu, ikatua baharini mahali ambapo nyumbani palikuwa dakika ishirini zilizopita. Nilicheka sana. Halafu nikakumbuka wasee wawili watatu wa mtaani waliorudi kutoka Saudia, nikaacha kucheka.

Kwa hivyo safari hii alijifunza. Aliibeba kwenye mkoba, akaiacha kwa walinzi wa meli, akairusha nchi kavu pekee. Mombasa meli ilifika asubuhi na kuondoka jioni. Kama alikuwa na kibali cha Kenya sikumuuliza, na ningepaswa kuuliza. Kwetu sheria haijatulia siku nyingi. Kanuni za 2017 zilitupwa na Bunge mwaka uliofuata, na hizi tunazotumia ni za 2020: kuiingiza nchini unahitaji ruhusa, lazima isajiliwe, na mamlaka ya usafiri wa anga ndiyo inayosema wapi na lini.

Lakini si sheria iliyoninyima usingizi. Ni dakika ya saba.

Dakika ya saba droni iko juu ya Mji wa Kale. Fort Jesus imeshapita, ile ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa 1593, kuta zake zimeshika jua la asubuhi. Kisha mabati, matangi ya maji, madishi ya televisheni, paka. Kisha paa moja tambarare lenye kamba ya nguo. Mwanamke ameketi kwenye kiti cha plastiki, kichwa wazi, nywele mbichi, anazichana. Leso iko kwenye kamba. Anasikia ile sauti, maana droni hulia kama nyuki aliyefungiwa kwenye mkebe, anainua uso. Kwa sekunde moja anaitazama kamera moja kwa moja. Kisha anaruka, anavuta leso, anajitupia kichwani, anapotelea mlangoni. Chanuo kimebaki sakafuni. Droni haiondoki. Inabaki pale sekunde nne hivi, inatazama kiti.

Mteja alikuwa ameandika kando ya hiyo sehemu: huu ndio wakati mzuri kuliko yote, hapa weka kitu kuhusu fumbo la wanawake wa Pwani.

Nikamwandikia kwa adabu kwamba naona afadhali hiyo sehemu itolewe, na nikaeleza leso ni nini kwa mtu aliyeketi kwake. Akanijibu kwa adabu kunizidi. Kwanza, uso hauonekani vizuri, hakuna atakayemtambua. Pili, video haiendi popote, wataitazama jamaa na marafiki sebuleni. Tatu, yule mama hatajua kamwe. Kwa hivyo nani ameumia? Mwisho akauliza mamangu anaendeleaje, kwa sababu nilikuwa nimetaja kwamba ni mgonjwa.

Nilikaa na hayo majibu siku mbili. Yangekuwa uongo ningeyajibu kwa dakika moja. Shida ni kwamba yote yalikuwa kweli. Hata sheria ingekuwa upande wake kwa kiasi fulani. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha, ndiyo, lakini ile Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahusu habari za mtu anayeweza kutambuliwa. Mwanamke asiyetambulika, kwenye paa lisilo na namba, mbele ya watazamaji kumi walio mbali kabisa na hapa: ukienda kushtaki utashtakia nini?

Nilianza kuona njia nilipoacha kuuliza nani ameumia, nikauliza hodi ni ya nini.

Fikiria. Mtu hapigi hodi kwa sababu anakuja kuiba. Mwizi ndiye asiyepiga hodi. Anayepiga hodi ni jirani mwema, shangazi, fundi uliyemwita mwenyewe. Desturi ya Pwani inasema mara tatu, ukikosa jibu unaondoka, na huulizi kwa nini hukujibiwa. Kwa hivyo hodi haipimi nia yako. Ni muda unaompa aliye ndani: wa kujifunika, wa kuficha sufuria ya ugali mkavu, wa kujifuta machozi, wa kuamua kwamba leo hayuko ingawa yuko. Na karibu ina uzito kwa sababu ingeweza kukosa kusemwa. Ukiingia kwa mtu bila hodi, hata kama hukuguza kitu, hata kama ulimkuta amelala na ukatoka bila yeye kujua, ulichochukua ni ile nafasi yake ya kukaribisha. Haionekani kwenye orodha ya vitu vilivyopotea. Lakini ilikuwa yake.

Waliojenga miji ya Waswahili walilifikiria hili kwa mawe. Nyumba za zamani zina daka mlangoni, mahali pa kumkalisha mgeni asiye wa ndani. Njia ya kuingilia inapindwa ili hata mlango ukiwa wazi anayepita asione uani. Lamu kuna wikio, chumba au kipito kinachovuka juu ya kichochoro kutoka nyumba hadi nyumba, ili wanawake watembeleane bila kushuka barabarani. Macho ya barabarani yalihesabiwa yote. Ya juu hayakuhesabiwa, na kwa nini yahesabiwe? Anga lilikuwa la kunguru na Mungu.

(Najua kuna atakayesema hizo kuta zilikuwa pia za kuwafungia wanawake. Sibishi. Ila mwanamke akiamua kuvua leso juani kwenye paa lake, hapo ndipo amejifungulia mwenyewe, na ndipo tulipomvizia.)

Kuna mfano wa Sartre, kwenye kile kitabu chake kinene cha 1943, wa mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Amezama kabisa, hajijui, ni jicho tu. Kisha anasikia hatua za mtu ukumbini nyuma yake, na ghafla anajiona: mimi ni mchunguliaji. Aibu inaingia kupitia masikio. Nikimsoma kutoka hapa mtaani naona droni imemwondolea mchunguliaji huo ukumbi wote. Uko mita mia tatu kando, kwenye benchi, una skrini mkononi, wapita njia wanadhani unacheza gemu. Hakuna hatua nyuma yako. Mtu pekee anayeweza kukuaibisha ni yule yule unayemchungulia, akiinua uso. Aliinua. Na mteja wangu, ambaye naamini ni mtu mwema, hakuona aibu. Aliona picha nzuri.

Ningependa kuishia hapo nikiwa upande wa haki, mtoto wa Eastlands anamfundisha Mzungu adabu. Haiwezekani, kwa sababu ya Jumanne moja ya mwezi Disemba.

Rafiki yangu anapiga picha za harusi, na alikuwa na droni ya kazi. Akaileta kwetu, tukapanda juu kwenye paa. Kwa wasiojua Mowlem: ni gorofa zinazotazamana karibu kiasi kwamba jirani anaweza kukupitishia chumvi dirishani. Kanuni zinasema usiruke ndani ya mita 50 kutoka kwa watu au majengo yasiyo chini yako, na usipite futi 400 juu. Mita 50! Mtaani kwetu mita 50 ni maisha ya watu mia mbili. Hiyo namba iliandikwa na mtu mwenye kompaundi. Tena kambi ya jeshi la angani iko Eastleigh, si mbali. Tulirusha hata hivyo. Watoto walipiga mayowe na kupunga mikono, soja wa geti akapanda kuomba apigwe, ikawa sherehe. Nikapewa rimoti. Nikaipeleka upande wa Kangundo Road nione foleni kutoka juu.

Njiani kuna gorofa ambayo ujenzi wake ulikwama. Juu kabisa, katikati ya vyuma vilivyochomoza, kulikuwa na mzee ameketi kwenye jiwe la kujengea. Nilimjua kwa koti. Anaishi chini yangu. Kila asubuhi saa kumi na mbili anashuka ngazi na koti limepigwa pasi, kalamu mfukoni, anaenda kazini tao. Ilikuwa saa nne. Alikuwa na gazeti na chupa ya maji. Aliangalia juu, akaona kile kidude, akalifungua gazeti lote mpaka likamfunika uso na mabega.

Sikurekodi. Sikumwambia mtu, hata rafiki yangu aliyekuwa kando yangu hakuelewa alichokiona. Kwa hesabu ya mteja wangu, hakuna aliyeumia. Lakini mimi ninacho kitu cha huyu mzee ambacho mkewe, nadhani, hana, na ambacho yeye mwenyewe hajawahi kumpa mtu. Sijui nikirudishe wapi.

Hapo ndipo naona tofauti ya meli na mtaa, na sijaamua ni ipi mbaya zaidi. Meli inaondoka saa kumi na mbili jioni. Aliyetazama hatakutana na aliyetazamwa sokoni, hatahitaji kumkwepa macho, deni limebaki gatini. Mimi deni langu linapanda ngazi kila siku. Kuna siku naona hiyo ndiyo adhabu ya haki, kwamba ukimwona mtu uishi naye. Siku zingine naona afadhali yule Mzungu, maana mwanamke wa Mombasa angalau hatasoma usoni mwa mtu yeyote kwamba alionekana.

Na bado sitaki droni zipigwe marufuku. Kule Rwanda zimekuwa zikipeleka damu hospitalini tangu 2016. Mpigapicha Johnny Miller alipozirusha juu ya miji, mradi anaouita Unequal Scenes, ukuta kati ya mabanda na nyasi za matajiri ulionekana kwa namna ambayo hakuna hotuba imewahi kuuonyesha. Zile picha zilinifanya nikasirike vizuri. Lakini siku hizi nikizitazama natafuta watu kwenye mabati, wale wadogo kama punje, nashangaa kama kuna aliyekuwa anachana nywele. Kuonyesha dhuluma ni sababu kubwa kuliko kumbukumbu ya likizo. Kama inatosha kuwa hodi, sijui. Mwenye paa hakuulizwa na yeyote kati yao.

Maneno niliandika. Dakika zote kumi na mbili, isipokuwa ile ya saba, ambayo niliiacha tupu, nikamwambia mteja sina la kusema pale. Aliweka muziki. Alinilipa siku hiyo hiyo na nyota tano juu, nikalipa kodi.

Mzee wa koti tunakutana ngazini jioni, yeye anarudi, mimi natoka kununua mkate. Zamani nilikuwa namwambia, "Habari ya kazi, mzee?" na anajibu, "Kazi iko, kijana." Tangu Disemba nilianza kumwambia habari ya jioni tu. Wiki iliyopita alisimama, akashika koti lake kifuani, akanitazama muda mrefu kidogo, kisha akaniuliza mbona siku hizi simuulizi habari ya kazi.