Vitabu Vilivyochomwa Efeso

Somo: Matendo ya Mitume 19:18–20



Tusomapo habari za Efeso, twadhani kwamba vitabu vile vya uchawi vilitoka katika nyumba za wapagani. Sivyo. Luka atueleza ya kuwa waliokuja kuungama walikuwa wamekwisha kuamini. Walisali pamoja na ndugu, na huku vitabu vimefichwa nyumbani. Basi habari hii yatuhusu sisi tuliobatizwa.

Tazameni hapa Kewanja. Karibu nasi upo mgodi wa North Mara, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2002, na mitambo yake hupasua miamba. Wengi walidhani kwamba mitambo, taa za umeme na simu zikija, uchawi utakimbia. Haukukimbia, bali ulijifunza kukaa pamoja nazo. Yuko mchimbaji avaaye kofia ngumu kichwani, na chini ya shati amefunga hirizi. Yuko mwenye duka aliyezika dawa kizingitini. Yuko mama amfungaye mtoto uzi mkononi, kisha amleta kwa ubatizo. Hata malipo ya mganga siku hizi hupelekwa kwa simu. Mambo haya hayana kishindo. Yamekuwa desturi kama kunawa uso asubuhi, na kwa sababu hiyo hatuyaoni.

Wala tusiwacheke ndugu hao. Shimo huweza kuporomoka. Mmoja huchimba mwezi mzima asipate kitu, na jirani yake hupata kwa siku moja. Fundi wa mgodi aweza kueleza kwa nini mwamba umeanguka. Lakini moyo huuliza, Kwa nini umeniangukia mimi? Mganga hudai kuwa na jibu, na jibu lake mara nyingi ni jina la jirani.

Hapo ndipo penye hatari. Sheria ya mwaka 1928 ilikataza uchawi, lakini sheria haiondoi hofu moyoni. Katika nchi za Ziwa akina bibi wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, nayo yalifanywa mekundu na moshi wa jikoni. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya bahati ya machimbo na ya uvuvi. Hata kufika mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ulihesabu watu 72 waliouawa Tanzania tangu mwaka 2000. Uzi wa mtoto na mauaji hayo si kosa moja mbele ya sheria, lakini vyote viwili vyatoka katika wazo moja: kwamba Mungu hatoshi.

Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alitaja uchawi katika maelezo ya Amri ya Pili, ihusuyo Jina la Mungu. Hapo twajifunza ya kwamba uchawi, kabla ya yote, ni kuliitia jina lingine siku ya shida. Basi haitoshi kuukemea madhabahuni. Yatupasa kuliitia Jina la Bwana katika shida ile ile, mapema, na nyumbani.

Kwa hiyo, ninyi walimu na wazee wa kanisa, mchimbaji asijashuka shimoni, ombeni pamoja naye, tena mwulizeni kama nguzo za shimo ni imara. Mtoto akiugua, ombeni, kisha msindikizeni mama yake hospitalini. Na bibi akisingiziwa uchawi, enendeni mkae mlangoni pake, asiachwe peke yake usiku.

Waefeso walihesabu thamani ya vitabu vyao, wakaona yapata vipande 50,000 vya fedha. Hawakuviuza, wengine wakapotea navyo, walivichoma. Kila mmoja wetu na akitazame kizingiti cha nyumba yake, ajue kimezikwa nini chini yake, akifukue. Naye Bwana aliyefufuka awe mlinzi wa mlango huo. Amina.