Kabla ya Kuvuka Mto

Tarehe 10 Septemba 2012, washambuliaji walivamia Kilelengwani, kijiji cha wafugaji Waorma katika delta ya Mto Tana, nchini Kenya. Watu 38 waliuawa, wakiwemo polisi 9, na nyumba zikateketezwa. Mwezi uliotangulia, kijiji cha Riketa kilikuwa kimepoteza zaidi ya watu 50, wengi wao wanawake na watoto. Siku hiyohiyo ya Kilelengwani, Rais Mwai Kibaki alitangaza amri ya kutotoka nje usiku, na askari wa GSU, kikosi maalumu cha polisi, wakamiminwa mji wa Garsen.

Kukatulia kiasi. Ilikuwa rahisi kudhani kazi imekwisha. Tarehe 21 Desemba, alfajiri, kijiji cha Kipao kikashambuliwa na takriban watu 40 wakafa, watoto wadogo wakiwa miongoni mwao. Mengi yalifanywa kwa nia njema kati ya Septemba na Desemba, lakini mbele ya chuki kati ya wafugaji na wakulima, iliyokuwa imekwisha kuota mizizi, hayakufua dafu.

Haraka ya kutangaza ushindi haiko Tana pekee. Tarehe 1 Mei 2003 Rais George W. Bush wa Marekani alihutubia kuhusu vita vya Iraq akiwa juu ya manowari, nyuma yake bango linalosema kazi imekamilika. Majeshi yake yalikaa Iraq miaka mingine 8.

Askari anaweza kumzuia mtu asitoke usiku. Hawezi kumwambia ng'ombe mwenye kiu asubiri. Kiangazi kikikaza, mifugo ya Waorma na Wawardei hushuka kutoka bara kufuata mto, na kando ya mto kuna mahindi, mpunga na migomba ya Wapokomo. Njia ya kuyafikia maji ni malka. Ikilimwa, ng'ombe hupita shambani. Mkulima hupoteza chakula cha msimu mzima, mfugaji naye huona amefungiwa uhai wa mifugo yake. Wote wawili wana haki, na hapo ndipo ugumu wote ulipo. Mwaka 2001 damu ilimwagika huku kwa mgogoro huohuo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema hakuonywa.

Wahenga walisema usimtukane mamba kabla ya kuvuka mto, na watu wa Tana wanaishi na mamba kwelikweli. Anayeuliza kama amani imepatikana delta asihesabu doria. Aulize malka zipi ziko wazi, nani amezilima, na shamba likiliwa mkulima analipwa na nani. Mpango wa matumizi ya ardhi ya delta uliokamilishwa mwaka 2015 ulianza kuyagusa maswali hayo, baada ya vikao vingi vya wakulima, wafugaji na wavuvi. Kila kiangazi yanahitaji kujibiwa upya.