Shamba Langu, Nipande Nitakacho?

Mtu huweza kusema, "Shamba ni langu, nimerithi kwa babangu, nitapanda mti niutakao." Kwa upande wa hati, neno lake ni sawa. Je, na kwa upande wa amana? Hili ndilo suala tulipime leo, ndugu msomaji, kwani nawaona baadhi ya vijana wetu wang'oa mikwaju na miembe ya wazee, wapande mivinje mitupu, kwa kuwa nguzo zake hupata mnunuzi upesi.

Kwanza tujue kuwa shambani hamna miti tu. Katika kijiko kimoja cha udongo mwema wamo bakteria, viumbe wasioonekana kwa jicho, mamilioni kwa mamilioni. Hao, pamoja na kuvu, ndio waozeshao jani na kulirejesha kuwa chakula cha mizizi. Kila aina ya mti huangusha jani la namna yake, na mizizi yake hutoa utomvu wa namna yake. Jani laini huoza upesi, gumu hukawia. Miti ikichanganyika, aghalabu sinia huwa na vyakula vingi, na walaji wa namna nyingi hupata riziki. Ikiwa ya aina moja, chakula ni kimoja, na asiyekiweza hana mahali.

Tazama Bamburi, kaskazini ya Mombasa. Machimbo ya kiwanda cha saruji yalibaki jangwa la mawe ya matumbawe. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti humo. Katika aina 26 alizojaribu, zilizoishi ni 3, na mvinje ulikuwa mbele. Siri yake ni vinundu vya mizizini, ambamo hukaa bakteria waitwao Frankia, wachukuao nitrojini ya hewani wakaulisha mti. Basi hata mvinje haukusimama peke yake!

Lakini majani yake yakaanguka, yakarundikana, yasioze kwa ukali wa tanini iliyomo. Wakaletwa majongoo wenye miguu myekundu. Wao wakala majani, na bakteria wakamalizia kinyesi chao, udongo ukapatikana. Ndipo miti ya aina nyingine nyingi ikapandwa, na pale palipokuwa mawe pakawa msitu.

Mwenzangu ataniuliza, "Si mvinje huo huo uliofungua njia?" Kweli. Wala simlaumu maskini apandaye mivinje apate karo ya mwanawe. Haja si dhambi. Lakini Bamburi walianza na mawe matupu, wakaongeza. Sisi twaanza na udongo ulio hai, kisha twaupunguzia. Hapo ndipo penye lawama.

Basi mwenye kupanda mivinje na apande, ila auache mkwaju wa babu usimame, atie mbaazi kati ya mistari, wala asiyachome majani yaangukayo. Hilo halimzuii kupata nguzo zake.

Viumbe wasioonekana hawana wa kuwasemea barazani, na mwenye nguvu hupimwa kwa anavyowatendea wasio na msemaji. Babako hakukuachia hati tu; alikuachia udongo. Mwanao naye akija kulima, atakuta nini chini ya jembe lake?

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.