Mwenye Kujua Akanyamaza



Wako watu wadhanio kwamba mtu akiwa hakusema uwongo, basi hana lawama. Sisi twaona kwamba kunyamaza nako huenda kukawa ni dhulma, na dalili yetu ni mambo yaliyowafika watu wa Minamata, katika nchi ya Japani.

Minamata ni mji wa pwani, na wavuvi wake walikuwa wakila samaki asubuhi na jioni. Tangu mwaka 1932 hata 1968 kiwanda cha kampuni ya Chisso kilikuwa kikimwaga baharini maji machafu yenye zebaki. Zebaki hiyo huingia katika viumbe vidogo vya baharini. Samaki mdogo huvila, mkubwa humla mdogo, na kila ipandapo sumu huzidi kukusanyika katika nyama. Haina rangi wala harufu, wala haiondoki kwa kuoshwa au kupikwa. Paka wakaanza kutetemeka na kuzunguka kama wenye wazimu. Kisha watu wakafa ganzi mikono, wakapungukiwa na macho na masikio, na ndimi zikawa nzito. Tarehe 1 Mei 1956 habari za ugonjwa huo zikafikishwa rasmi kwa wakuu wa afya. Na wako akina mama walioonekana wazima, nao wakazaa watoto vilema, kwani sumu iliwafikia watoto matumboni.

Daktari wa hospitali ya kiwanda, Hajime Hosokawa, alimlisha paka chakula kilichotiwa maji ya kiwanda. Mwezi wa Oktoba 1959 paka huyo akapatwa na maradhi yale yale. Kampuni ikayaficha. Mwezi wa Disemba mwaka huo huo ikawapa wagonjwa fedha kidogo kwa jina la huruma, kwa sharti kwamba hata ikithibitika baadaye kuwa kiwanda ndicho chanzo, wasidai tena. Wagonjwa wakakubali.

Je, ridhaa ile ilikuwa ni ridhaa? Atasema msemaji: “Walikuwa watu wazima, na hapana aliyewashika mkono.” Twajibu: mtu huridhia alijualo. Amwuzaye ng'ombe hali amjua kuwa ni mgonjwa, akamficha mnunuzi, hawezi kusema kwamba wamepatana. Mmoja amenunua asichokijua, na mwenziwe amepokea bei ya ujinga huo. Mwaka 1973 mahakama ya Kumamoto iliyabatilisha mapatano yale, kwa kuwa yalikwenda kinyume cha maadili.

Atasema tena: “Kiwanda kilikuwa riziki ya mji, na habari zikienea samaki hawatanunuliwa.” Hoja hii hatuidharau, kwani njaa si jambo dogo, na kwa hofu hiyo wagonjwa wengine walitengwa na majirani zao. Lakini aliyekula samaki yule hakuulizwa kama ataka kutoa afya yake ili mwingine apate mshahara. Na kimya chenyewe hakikuihifadhi riziki hiyo: tangu 1974 hata 1997 ghuba ilizuiwa kwa wavu ili samaki wenye sumu wasitoke.

Hosokawa naye alitoa ushahidi mwaka 1970, akiwa kitandani mgonjwa, na mwaka huo huo akafariki. Ushahidi wake uliwafaa wenye kudai. Lakini baina ya paka yule na kukoma kwa zebaki ilipita miaka karibu tisa, na katika miaka hiyo watu waliendelea kula. Aliyechelewa kusema ni bora kuliko asiyesema kabisa. Hata hivyo macho yaliyopofuka hayakurudi.

Sisi watu wa pwani jambo hili halitupitii mbali. Yajulikana leo kwamba papa na nduaro, kwa kuwa ni wakubwa na hula wenzao, hukusanya zebaki nyingi, ilhali dagaa huwa nayo kidogo sana. Hatusemi watu waache samaki, kwani ni chakula chema. Twasema mwanamke mja mzito na mtoto mdogo wachaguliwe samaki wadogo, na ajuaye amwambie asiyejua kabla ya chungu kuteleka. Na mwenye kiwanda au duka, atakapogundua dhara katika akitoacho, aseme siku hiyo hiyo, ijapokuwa itampunguzia faida. Anayekula ameiweka afya yake mikononi mwake, na hiyo ni amana.