Inuka, Ule

Eliya alikuwa nabii, lakini naye alifika mahali akasema basi. Malkia Yezebeli ameapa kumuua. Eliya amekimbia hadi Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake hapo, akaingia jangwani mwendo wa siku nzima. Chini ya mti wa mretemu akamwomba Mungu amtoe roho, akalala.

Wengi wetu, tukimkuta pale, tungemhubiria. Tungemwambia ajikaze, imani imepungua. Lakini 1 Wafalme sura ya 19 inasimulia kwamba malaika alimgusa tu, akamwambia ainuke ale. Kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Wala hakukemewa! Maswali ya Mungu yalimngoja kwenye mlima Horebu, mwendo wa siku 40 mbele.

Una jirani aliyefiwa? Mpelekee chupa ya chai, umwoshee vyombo, umwache alale. Aya utamsomea kesho. Na wewe uliyeamka umeshindwa hata kuomba, kunywa uji kwanza. Kama moyo umefika pale pa Eliya, usikae na hali hiyo peke yako; mwambie mtu asubuhi hii hii.