Hodi Isiyopigwa

Nyumba za kale za mawe kule Lamu zina daka, ukumbi mdogo wa nje wenye baraza za mawe, ambapo mgeni hungoja kuitikiwa. Akiingia, njia inapinda kabla ya kufika uani, hivyo hata mlango ukiachwa wazi mpita njia haoni kitu. Waliozijenga hawakuwa na maovu ya kuficha. Humo mlikuwa na watoto, vyungu na wanawake waliovua mitandio. Hodi hupigwa mara tatu, na kimya kikizidi mtu hurudi alikotoka. Kurani imeliweka wazi jambo hili: Sura An-Nur, aya ya 27, inakataza kuingia nyumba ya mtu bila idhini, na Al-Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana. Naanzia hapa kwa sababu mjadala wa faragha huendeshwa kana kwamba tumeletewa na meli juzi.

Mwaka 2013 Edward Snowden alifichua kwamba NSA, shirika la ujasusi la Marekani alilokuwa akilifanyia kazi kwa mkataba, lilikuwa likikusanya kumbukumbu za simu za mamilioni ya Wamarekani: nani kampigia nani, lini, kwa muda gani. Huko ni kuingia nyumba zote kwa mpigo, bila hodi. Wapo wasemao asiye na hatia aogope nini. Lakini madhara hayamngojei mwenye hatia. Mtafiti Jon Penney alionyesha mwaka 2016 kuwa baada ya ufichuzi ule, usomaji wa makala za Wikipedia zinazohusu ugaidi ulishuka ghafla. Kuzisoma halikuwa kosa. Watu walijizuia wenyewe, bila polisi wala hakimu, na uhuru unaokufa hivyo hauna hata hukumu ya kukatia rufaa.

Pingamizi la kidini ni zito zaidi: ikiwa Mungu anatuona usiku na mchana, tunung'unike nini kuonwa na serikali? Jibu limo katika dua iliyo midomoni mwetu kila siku, "Mungu atusitiri." Aonaye yote ndiye asitiriye, na humsamehe anayetubu. Kanzidata haisitiri wala haisahau, na atakayeifungua kesho huenda siye tuliyemwamini leo.

Na usalama je? Baada ya mashambulizi ya kigaidi ya Westgate na Garissa, hakuna Mkenya wa kulipuuza swali hilo. Polisi mwenye mshukiwa na aende kwa hakimu kuomba kibali. Hiyo ndiyo hodi yake. Bodi ya serikali ya Marekani iliyouchunguza mpango ule wa simu ilisema Januari 2014 kwamba haikuona hata tishio moja ambalo mpango huo ulibadilisha matokeo ya uchunguzi wake. Tena hodi yaweza kudaiwa. Oktoba 2021, Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha utoaji wa kadi za utambulisho za Huduma, kwa kuwa serikali ilianza kuzitoa kabla ya kutathmini athari zake kwa data za watu, kama inavyotaka sheria ya mwaka 2019 ambayo rais wa wakati huo mwenyewe aliitia saini.