Kipya Kinyemi: Fundi, Ramani na Programu ya Kupanga

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Hawakusema kwamba kipya ni kibaya. Walisema tu kwamba utamu wa upya unaweza kutufanya tukipende hata kile kinachotuuma. Methali hii imekuwa ikinirudia kichwani kwa sababu ya swali linaloonekana dogo kabisa: fundi mdogo wa ujenzi, mwenye vijana wanne na kompyuta moja, apandishe toleo la programu yake ya kuchorea nyumba, au abaki na ile ya zamani?

Utasema hilo ni suala la mfuko, maadili yanaingiaje hapo? Subiri kidogo.

AutoCAD ilitoka mwaka 1982, na kwa miaka mingi ukinunua programu ya namna hiyo ilikuwa yako, kama mwiko na timazi. Kuanzia mwaka 2016 kampuni ya Autodesk iliacha kuuza leseni mpya za kudumu kwa programu zake nyingi. Sasa unalipia muda. SketchUp, ambayo mafundi wengi waliijua enzi za Google, ilihamia kwa Trimble mwaka 2012, na leseni zake za kudumu nazo zikaacha kuuzwa mwaka 2020. Kwa hiyo fundi anayejiuliza kama abadilishe toleo, mara nyingi anajiuliza jambo zito zaidi: niache kumiliki, nianze kupanga?

Tazama neno lenyewe. Kupanga ni kuweka mipango, na kupanga ni kuishi kwenye nyumba ya mtu kwa kodi. Tumezoea kusema kupanga ni kuchagua. Sawa, ila mpangaji huchagua mpaka siku mwenye nyumba anapopandisha kodi.

Kuna fundi ninayemfahamu, anajenga huko Goba na Madale. Programu yake ni ya zamani, aliinunua kihalali, na bado inafunguka. Siku moja aliniwekea hesabu mezani. Malipo ya toleo jipya ni dola mia kadhaa kila mwaka. Toleo hilo linataka kompyuta yenye nguvu zaidi, kwa hiyo na kompyuta nayo ibadilishwe. Kwa pesa hizo hizo angeweza kununua vaibreta yake mwenyewe ya kushindilia zege, badala ya kukodi kila anapomwaga. “Kaka,” akaniambia, “mteja haji kuniuliza zege limeshindiliwaje. Anakuja na simu, ananionyesha nyumba ya mtu huko Instagram, anasema fundi, nataka hivi.”

Hapo ndipo maadili yanapoingia. Picha inaonekana, zege likishafunikwa halionekani. Mwaka 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka Mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar es Salaam, wakafa watu zaidi ya 30. Novemba 2024 likaanguka jengine Kariakoo. Sisemi programu za kuchorea zilihusika. Nakumbusha tu kwamba nyumba husimama kwa vitu ambavyo mteja havioni. Fundi akiwa na fungu moja la pesa, akalipeleka lote kwenye kinachoonekana kwa sababu ndicho kinacholeta kazi, ameamua jambo la kimaadili hata kama yeye analiita biashara.

Lakini tusimwonee. Bila kazi hakuna zege la kushindilia, na wale vijana wanne wanakula. Mteja akikosa picha kwake ataenda kwa mwingine mwenye picha nzuri na tofali mbovu. Tena toleo jipya si urembo mtupu. Mhandisi akikutumia mchoro uliohifadhiwa kwa DWG mpya, programu ya zamani inaweza kugoma kuufungua. Kuna programu ambazo ukisogeza ukuta, hesabu ya tofali inajirekebisha yenyewe. Na kubwa kuliko yote: ramani ya mistari ni lugha ya wataalamu. Mama aliyekusanya akiba miaka kumi hawezi kuisoma, ila akionyeshwa chumba kwa 3D anaona mara moja kwamba kitanda na kabati havitaenea. Hapo picha imemfanyia haki.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: toleo jipya linamsaidia mteja auone ukweli, au linamsaidia fundi auze ndoto? Sisi waandishi wa habari tunalijua jaribu hili. Picha iliyofifia unaweza kuiongezea mwanga, lakini huwezi kumwingiza mtu ambaye hakuwepo kwenye tukio. Sasa angalia picha za nyumba zinazozunguka mitandaoni: bustani ya kijani, bwawa, gari la kifahari getini. Kiwanja chenyewe hakina hata maji ya bomba! Hiyo ni ahadi ambayo hakuna aliyekusudia kuitimiza.

Wapo watakaocheka: kwani shida iko wapi, si anakraki tu? Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta pia. Lakini weka sheria pembeni. Fundi huyu huyu hulalamika pale mteja anapochukua ramani aliyochora usiku kucha, asilipe, kisha akampa fundi mwingine ajengee. Kama hilo linamuuma, hawezi kuishi kwa kazi ya mwenzake asiyemlipa. Asiye na uwezo ana njia ya halali: Sweet Home 3D na FreeCAD ni za bure.

Halafu kuna suala la muda. Wengi wetu tunajenga kidogo kidogo. Msingi mwaka huu, kuta hadi lenta baada ya miaka mitatu, bati Mungu akijalia. Mteja anaweza kurudi baada ya miaka saba kuuliza nondo za nguzo ya kona zilipangwaje. Malipo ya programu ni ya mwaka mmoja, ila deni la fundi kwa nyumba ile ni la miaka yote hiyo. Ukipanga programu, siku ukishindwa kodi unaweza kufungiwa nje ya michoro yako mwenyewe. Ukimiliki ya zamani, siku kompyuta ikifa huenda isikubali kuingia kwenye mpya. Njia zote mbili zina mwisho, na ndiyo maana ramani iliyochapwa na nakala ya PDF mkononi mwa mteja ni sehemu ya uaminifu.

Nilimwambia rafiki yangu anunue vaibreta kwanza. Ikija kazi inayodai programu mpya, alipie miezi ya kazi hiyo tu na aiweke kwenye makadirio, mteja aione. Hakufurahi sana. Alisema vaibreta haipigi picha. Ni kweli, haipigi, na siku mteja atakapolala ndani ya nyumba ile hatalala ndani ya picha.